Barua kwa Somoe: pitia nyumbani kwanza

Maputo, Jumapili jioni

Shoga yangu Somoe,

Salamu nyingi kutoka huku kusini. Sisi hatujambo, watoto wako likizo na nyumba haina utulivu. Nimefurahi kusikia mguu wa Bi Mkubwa umepungua uvimbe. Mfikishie shikamoo yangu, umwambie ile kapulana, kitenge cha huku, aliyoniagiza nimeshainunua, ni nyekundu kama alivyotaka, inasubiri mtu wa kuileta Mtwara.

Barua yako imenifika, na orodha yako ya maneno arobaini nimeisoma mara mbili. "Get" umeipigia mstari mpaka kalamu imetoboa karatasi, nikajua hapo ulikuwa umechoka kabisa. Unasema mwongozo wa hiyo pampu ya maji unaoutafsiri kutoka Kiingereza kwenda Kireno una kurasa thelathini, Kiingereza chake ni cha mafundi, na kila ukidhani umelishika neno la Kireno, kile kijineno cha nyuma, "up", "off", "out", kinakuja kukuharibia. Nakujibu kwa urefu kwa sababu kazi hii naipenda, na kwa sababu watakaoushika mwongozo huo ni kina mama wa ng'ambo ya Ruvuma, siku mashine imegoma na ndoo zote ni tupu.

Nililo nalo la kukwambia ni moja, mengine ni mifano yake. Usitoke kwenye Kiingereza ukaingia Kireno moja kwa moja. Pitia nyumbani kwanza. Jiulize: hili mama yangu angelisemaje? Ukishalipata la Kiswahili, ndipo utafute Kireno chake.

Mimi nilijifunza hivi kwa kosa lililoniuma. Mwaka wangu wa pili hapa nilipewa karatasi ya maelezo ya vidonge vya madini ya chuma, vile wanavyopewa wajawazito kuongeza damu. Kiingereza kilisema baadhi ya wanawake huwa "constipated". Kireno kina neno "constipado", limefanana nalo kama pacha, basi nikaandika "pode ficar constipada", nikaona nimemaliza. Karatasi zikachapwa, zikagawiwa. Baada ya wiki kadhaa muuguzi mmoja akanipigia simu, kwa upole tu, akaniuliza: dada, vidonge vya damu vinaletaje mafua? Maana kwa Kireno cha huku, na cha Ureno pia, "constipado" ni mtu mwenye mafua. Somoe, sikulala usiku ule. Nilikuwa namfikiria mama mmoja nisiyemjua, siku nne hajaenda haja, tumbo limekuwa jiwe, na karatasi niliyomwandikia mimi inamweleza habari za mafua.

Kireno sahihi ni "prisão de ventre", yaani kifungo cha tumbo. Na sisi tunasemaje? Kufunga choo! Picha ni ile ile. Ningepita nyumbani, ningefika bila kupotea. Nilipita njia ya mkato kwa sababu maneno yalifanana sura, na tangu siku ile neno la Kireno linalofanana sana na la Kiingereza nalitilia shaka kuliko lisilofanana kabisa.

Sasa tuje kwenye vile vijineno vinavyokusumbua. Kiingereza hutwaa kitenzi kimoja kifupi, kikakiwekea kijineno nyuma, na maana ikageuka kabisa. Kireno hakina mtindo huo. Lakini angalia, sisi pia maana tunaigeuza, ila tunaigeuza mkiani mwa kitenzi: funga, fungua, vaa, vua, kunja, kunjua, ziba, zibua, pakia, pakua. Mreno naye anaigeuza, ila yeye hufanya hivyo kichwani: "dobrar" ni kukunja, "desdobrar" ni kukunjua, "tapar" ni kuziba, "destapar" ni kuzibua, "carregar" ni kupakia, "descarregar" ni kupakua. Mkia wetu ndio kichwa chao. Siku nilipoliona hilo nilifunga kamusi nikatoka nje kupunga upepo kwa furaha. Kwa hiyo ukikuta "take apart" kwenye mwongozo wako, usihangaike na "take" wala "apart". Fundi wa kwetu anasema amefungua mashine, halafu ameifunga. Mreno atasema "desmontar", kisha "montar". Basi.

Ila usidhani kila mara wataenda sambamba nasi. Sisi tunavaa kila kitu: nguo, viatu, kofia, miwani. Mreno anagawa. Nguo ni "vestir", viatu ni "calçar", kofia ni "pôr". Na kile kifungu chako cha ukurasa wa nne, "put on gloves", usikiandikie "vestir", kwa maana glavu kwao huenda na kitenzi cha viatu: "calce as luvas". Nilicheleweshwa na neno hilo siku nzima mara ya kwanza.

"Turn off" ndiyo nzuri kuliko zote za kukuonyesha ninachosema. Kiingereza kinazima pampu, kinafunga maji na kinazima taa kwa neno hilo hilo moja. Ukienda nalo moja kwa moja utaandika "desligar" kila mahali. Lakini pita nyumbani: pampu tunaizima, maji tunayafunga. Kireno kitakupa "desligar a bomba" kwa pampu na "fechar a torneira" kwa maji, na taa utasema "apagar a luz", kama unavyozima moto. Umeona kilivyopanga?

Hapo hapo ujihadhari na "bomba". Neno hilo tulilitwaa kwa Wareno wenyewe, wakati ule wa majahazi yao, pamoja na meza, leso, foronya, kopo, bendera na parafujo. Waliivamia Kilwa mwaka 1505, na Mombasa wakaichoma mwaka huo huo. Wakaondoka, samani zao zikabaki midomoni mwetu. Lakini maneno yakikaa ugenini huhama maana. "Igreja" yao ni kanisa, kwetu ikawa gereza. Na leo ukimwambia mtu wa Mtwara afunge bomba, ataenda kufunga maji yasitoke, ilhali Mreno wako "bomba" yake ndiyo pampu yenyewe, na pa kufungulia maji ni "torneira". Ukichanganya hapo, mtu atazima injini kumbe aliambiwa afunge maji. Parafujo ndiyo haikuhama: "parafuso" ni hiyo hiyo skrubu ya mafundi wa sasa.

"Run out of fuel" wewe umeandika "correr", umekwishajua mwenyewe kwamba si sawa kwa sababu umeweka alama ya kuuliza. Sisi tunasema kuishiwa mafuta. Mreno husema "ficar sem combustível", kubaki bila mafuta. "Wear out" ya ule mkanda ni kulika, na Kireno chake ni "gastar-se"; mkanda uliolika ni "correia gasta". "Break down" ni kuharibika, na huku ni "avariar": "a bomba avariou".

Haya, "get". Nilikaa nayo muda mrefu, na naona siri yake ni kutoitafutia neno. Haina neno. Uliza kimetokea nini. Kwenye mwongozo wako nimehesabu "get" sita na kila moja ina Kiswahili chake. "Get water from the well" ni kuteka maji, basi ni "tirar água do poço". "Get wet" ni kulowa, "molhar-se". "Get stuck" ni kukwama, na kwa mashine husema "encravar". "Get a spare part" ni kutafuta spea mpaka uipate, "arranjar uma peça". Ile ya "get in touch" ni "contactar" tu, usiipambe. Na "get hot" ni kupata moto, ambayo Kireno chake ni kitenzi kimoja, "aquecer".

Hapo kwenye "aquecer" nisimame kidogo, kwa sababu ndipo penye utamu. Kiingereza kikitaka kusema mtu amekuwa hivi au vile, kinaomba msaada wa "get": mzee, mgonjwa, mwembamba, tajiri. Sisi hatuombi msaada kwa mtu. Tunasema kuzeeka, kuugua, kukonda, kutajirika, chakula kinapoa. Na Mreno naye ana vitenzi vyake kamili vyenye mkia wa "-ecer": "envelhecer", "adoecer", "emagrecer", "enriquecer", "arrefecer". Tena wana "amanhecer" na "anoitecer", ambazo ni kucha na kuchwa zetu, sawasawa kabisa! Kuna kumekucha kwa Kireno, Somoe. Waingereza wanapaswa kulitaja jua, au siku, au mwanga. Mimi na wewe na Mreno tunasema tu kumekucha.

Nisikudanganye kwamba Kireno hakina vijineno vyake. Kinavyo, na vinauma. "Gostar" inataka "de", "sonhar" inataka "com", "pensar" inataka "em", na ukivisahau watakuelewa lakini utasikika mgeni. Halafu kuna "dar", kutoa, ambayo ndiyo "get" yao. "Dar com" ni kukuta kitu, "dar por" ni kugundua, "não dá" ni haiwezekani, "dar aulas" ni kufundisha, "dar um grito" ni kupiga kelele. Nilipokuwa mgeni nilimlalamikia jirani yangu, mzee mmoja aliyewahi kukaa Nachingwea wakati wa vita vya ukombozi na anayeongea Kiswahili kizuri mpaka leo. Akaniambia, mwanangu, na nyinyi na "piga" yenu je? Mnapiga simu, mnapiga pasi, mnapiga mswaki, mnapiga kura, na hakuna aliyeumia. Tangu hapo "dar" naiheshimu.

Maneno yanayofanana sura nakuandikia machache tu, yale niliyoyaona kwenye rasimu yako. "Actually" si "actualmente". Hiyo ni "kwa sasa", wewe ulitaka "na verdade". "Pretend" si "pretender", ambayo ni kukusudia. Kujifanya ni "fingir". "Parents" si "parentes", hao ni jamaa wote mpaka wa shangazi; wazazi ni "pais". Na mlango ukiandikwa "puxe", masikio yatakwambia "push", sukuma. Kumbe ni vuta. Hilo hata baada ya miaka tisa mkono wangu unasita.

Jambo lingine: hiyo programu ya simu unayotumia inakupa Kireno cha Brazili. Hakina ubaya, ni lugha ya watu wengi sana, lakini mama wa Palma, huko ng'ambo ya Ruvuma, hakisemi. Programu imekuandikia "a bomba quebrou" na "está vazando". Huku andika "avariou" na "está a vazar". Na "apanhar", ambayo huku ni kupata au kudaka, ukapanda chapa, yaani daladala za huku, nayo na kuugua malaria nayo, kwa Mbrazili inaweza kuwa kupigwa. Kwenye mwongozo wa mashine hilo si dogo.

Na heshima. Kiingereza kina "you" moja, mtoto na bibi. Umeandika "você" mwongozo mzima. Badilisha, tafadhali. Huku ukimwambia mtu mzima "você" usoni ni kama kumpita bila shikamoo. Amri ziandike kwa heshima na uliache hilo neno kabisa: "tire a tampa", "encha o depósito", "lave as mãos". Kitenzi chenyewe kinabeba adabu. Mtu mzima akisoma hivyo anajua ameandikiwa na mtu aliyelelewa.

Nitumie kurasa kumi za kwanza ukishazipitia upya. Usizisafishe sana, nataka kuona pale ulipokata na kuandika tena, hapo ndipo nitakaposaidia. Sura ya kusafisha chujio iache mwisho, tuifanye pamoja kwa simu, kwa sababu pale Kiingereza chenyewe hakieleweki na afadhali tumuulize fundi kuliko kubahatisha.

Na kama kuna mtu anakuja huku mwezi ujao, nifungie ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, japo kidogo. Sokoni kwetu haipatikani na wanangu hawajaionja.

Sentensi ile ya mwisho ya mwongozo, "we look forward to hearing from you", umeuliza uiandikeje. Sisi tungesema nasubiri jibu. Kwa ofisi andika "aguardamos a sua resposta". Kwa rafiki ni fupi zaidi, nakuandikia hapa uione:

Fico à espera.

Wako,
Rukia