Someni "Tujisahihishe", kisha mkitazame kikao cha mtaa wenu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi wasomaji wenzangu wasome kijitabu ambacho unakimaliza kabla chai haijapoa. Ni *Tujisahihishe*, alichokiandika Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1962. Nakala yangu niliirithi kwa marehemu baba. Karatasi zimegeuka rangi ya udongo, pini zimeshika kutu, na pembeni mwa ukurasa mmoja baba aliandika kwa penseli neno moja tu: "Jiwe."

Nilipousoma ukurasa huo nikamwelewa. Mwalimu anatoa mfano wa mtu anayetaka kupiga teke jiwe akidhani ni mpira. Mwenzake anamwonya kwamba atavunja dole. Je, alipige tu kwa kuwa aliyemwonya ni mtu mdogo, au ni mtu asiyempenda? Jiwe halijui mkubwa wala mdogo. Ukweli nao, anasema Mwalimu, ukipuuzwa hujilipiza kisasi.

Januari mwaka huo alikuwa ameacha uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, ili akakijenge chama chake cha TANU. Nchi haikuwa na hata miezi miwili tangu ipate uhuru. Wakati wengine bado wanashangilia, yeye anawaandikia wanachama wenzake juu ya fitina, ubinafsi na woga wa kumwambia kiongozi kuwa amekosea.

Lakini naomba kisisomwe kama msahafu. Kisomeni pamoja na historia iliyofuata, ikiwemo ya mwandishi mwenyewe. Mwaka ule ule wa 1962 Bunge lilipitisha sheria iliyoruhusu mtu kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Sasa nani angethubutu kusema "hilo ni jiwe"? Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa, na mwaka 1976 ikafika zamu ya vyama vya ushirika. Baba alikuwa karani wa ushirika huko kwenye pamba. Alikuwa akitusimulia siku aliyofunga daftari la mizani kwa mara ya mwisho, wakulima wamekaa juu ya marobota yao wanamtazama, na yeye hana la kuwajibu.

Mwaka 1984 Mwalimu alikiri hadharani kwamba kama angeanza upya, asingefuta serikali za mitaa wala asingevunja ushirika. Namheshimu sana kwa hilo, maana ni wachache wenye madaraka waliowahi kusema hivyo. Ila ilikuwa imepita miaka 22 tangu aandike habari za lile jiwe, na madole yaliyovunjika yalikuwa ya wakulima.

Nimekikumbuka kijitabu hiki kwa sababu ya jambo lililotokea mtaani kwetu. Kwenye mkutano wa hadhara mama mmoja muuza vitumbua alisimama akaomba asomewe mapato na matumizi ya kisima chetu. Kabla mwenyekiti hajafungua mdomo, sisi wananchi ndio tuliomzomea. "Mama, kaa chini!" "Unatumwa na nani?" Mimi nilikuwa safu ya tatu, nikanyamaza. Akakaa, akafunga kanga yake vizuri, hakusema tena. Haikupita miezi mitatu pampu ikafa, na kwenye mfuko wa kisima hakukuwa na fedha ya kununua hata mpira wa kuzibia. Tukarudi kubeba madumu hadi bondeni, na mama yule akiwa nasi kwenye foleni.

Hakuna aliyetukataza kumsikiliza. Tulimnyamazisha wenyewe, kwa hiari yetu, kwa kuwa ni muuza vitumbua. Hilo ndilo lililoniuma nilipousoma tena ukurasa wa baba.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Walimu wa uraia, wapeni wanafunzi kijitabu hiki wakisome chote, msiwape dondoo za mtihani peke yake. Wajumbe wa mitaa, kisomeni kwa sauti kabla ya kufungua mkutano. Lugha yake ni nyepesi, hata mzee asiyeona vizuri akisomewa atafuata.

Mimi nimetoa nakala tano kwa mashine. Ya kwanza nilimpelekea yule mama asubuhi, pale pale kwenye karai lake, nikamwomba radhi. Alifuta mikono, akaipokea, akaniuliza ile habari ya kisima tutaisoma lini.

Msomaji wako,
Shinyanga