Makopa na kukopa: barua ya wazi kwa wapwa zangu wa Tandahimba

Wapwa zangu, wa kike na wa kiume,

Jumapili iliyopita mlikaa chini ya mwembe wa ofisi ya chama cha ushirika, kumi na mmoja kwa hesabu yangu, na hakuna aliyekuwa anacheka. Nikapita na jembe langu, mkaniamkia, nikaitikia, mkanyamaza mpaka nikaishia kwenye kona. Mjomba hana haja ya kuambiwa. Msimu wa korosho umefungwa, hela ya mnada imeingia benki na kutoka siku ileile, nyie mmebaki na karatasi za marejesho. Wawili kati yenu wameshachukuliwa pikipiki. Mmoja namjua halali tena nyumbani kwake, kwa sababu wadai wanagonga mlango kabla ya adhana ya alfajiri.

Nawaandikia mbele ya watu wote kwa makusudi. Mkiitwa pembeni mtaitikia "ndiyo mjomba" na kuendelea kuficha. Na kuficha ndiko kulikonimaliza mimi.

Wadogo kati yenu mnanijua kama mzee wa mikorosho na kofia ya ukindu. Hamkunikuta mjini. Mwaka 2012 Mtwara ilikuwa imechangamka kama sikukuu isiyoisha. Gesi imeonekana baharini, wageni wa kampuni za utafutaji wanashuka uwanja wa ndege kila wiki, nyumba za kupanga Shangani zinatajiwa bei kwa dola. Mimi nilikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Magomeni, linaniweka mjini vizuri tu. Nikaona wenzangu wanajenga gesti, nami nikachukua hati ya kiwanja, nikaenda benki, nikajenga gesti ya vyumba kumi na viwili. Hesabu yangu ilikuwa vyumba vyote kumi na viwili vimejaa, siku zote za mwaka. Mtoto wa darasa la nne angeniuliza, "Na visipojaa?" Hakuna aliyeniuliza, kwa kuwa sikumwonyesha mtu hesabu hiyo.

Mwaka 2013 zikaja vurugu za kupinga bomba la gesi, mji ukafunga milango. Mwaka uliofuata bei ya mafuta duniani ikaanza kuporomoka, wale wageni wakapungua mmoja mmoja. Kufika 2015 bomba lilikuwa limeshafika Dar es Salaam, nami nilikuwa na vyumba vitatu vyenye watu, kimoja kikiwa na shemeji yangu ambaye hajawahi kulipa hata shilingi. (Akisoma hapa, simdai. Nilishamsamehe mwezi wa Ramadhani fulani, ila yeye hakuambiwa.)

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penyewe. Watu husema mjomba alianguka kwa sababu ya gesti. Si kweli. Gesti ilikuwa biashara iliyokufa, na biashara hufa. Nilianguka kwa sababu niliona haya kwenda benki na kusema "nimekwama, tuongee". Badala yake nikaenda usiku kwa mtu wa mtaani anayekopesha kwa "ishirini", nikachukua 3,000,000 nilipe rejesho la benki, jina langu lisichafuke. Ishirini maana yake asilimia 20 kwa mwezi. Kila mwezi nampelekea 600,000 na deni limekaa palepale, halijaguswa. Baada ya miezi mitano nilikuwa nimeshampa 3,000,000, na bado ananidai 3,000,000. Vijana wa siku hizi mmeupa jina zuri mkopo wa namna hiyo: kausha damu. Enzi zetu haukuwa na jina, ila damu ilikauka vilevile.

Mwaka 2016 benki ikauza gesti. Dalali alikuja na spika juu ya gari, nikasikia jina langu likitangazwa kuanzia kituo cha daladala. Sheria ya Ufilisi ya nchi hii ipo, na mtu anaweza kutangazwa muflisi na mahakama kwa utaratibu wake. Kwetu muflisi hutangazwa na spika ya dalali, mtaa mzima ukamaliza kazi kabla jaji hajavaa joho.

Wiki moja baadaye mtu wa ishirini naye akaja na mkokoteni. Alibeba friji, makochi, kitanda cha wageni. Shangazi yenu, mke wangu, hakusema neno. Walipoinua cherehani chake aliwaambia, "Subirini kidogo," akainama, akafungua skrubu, akachomoa sindano, akaichomeka kwenye pindo la khanga yake. Ndipo akawaachia. Mpaka leo sijui alikuwa anafikiri nini, na sijamuuliza.

Tukarudi huku uwanda wa juu, kwenye mikorosho sitini na minne aliyoiacha mama yangu, yaani bibi yenu. Namshukuru Mungu kwamba mikorosho ile ilikuwa ya ukoo wa mama, sikuwa na uwezo wa kuiweka bondi hata kama ningetaka. Ningekuwa nayo kwa jina langu ningeiweka, nawaambia ukweli.

Mwaka wa kwanza sikulipa deni lolote. Nilifanya kitu kimoja: nilinunua daftari la 500, nikaandika kila ninayedaiwa naye. Mnajua msemo, mali bila daftari huisha bila habari. Ila hakuna anayewaambia kwamba deni bila daftari ndilo baya zaidi, kwa sababu kichwani linakua. Mimi nilikuwa najiona nadaiwa na dunia nzima. Nilipoandika wakawa watu tisa. Tisa! Nililala usingizi siku ile kama mtoto.

Kisha nikawafuata mmoja mmoja, kwa miguu yangu, bila kupiga simu kwanza. Nikawaambia: nimefilisika, deni lako nalijua ni kiasi hiki, siwezi kulilipa mwaka huu, Novemba nitakuletea kiasi fulani, andika. Wawili walinitukana. Mmoja alikataa kunikaribisha maji. Sita waliandika, na kati ya hao sita, watatu walipunguza bila kuombwa. Yule mtu wa ishirini mwenyewe, nilipokwenda mchana kweupe nikiwa na mwenyekiti wa mtaa, alisimamisha riba. Usiku asingesimamisha.

Mtaniuliza nilianza na nani. Wataalamu wa hesabu watasema anza na deni lenye riba kubwa, na kwa kalamu wako sahihi. Mimi nilianza na fundi rangi aliyekuwa ananidai 40,000, kwa sababu nilikuwa nakutana naye msikitini nikakaa safu ya nyuma kumkwepa. Nikamlipa, nikasogea safu ya mbele. Baada ya hapo nikafuata kalamu.

Basi tuje kwenu. Nimewatazama miaka mingi, na naona deni la Kusini lina mwezi wake wa kuzaliwa. Halizaliwi Oktoba. Oktoba mnada umefunguliwa, kila mtu ni tajiri, hata mbuzi wanatembea kwa maringo. Linazaliwa Machi, mvua inanyesha, ghala la nyumbani tupu, ada ya mtoto imefika, na palizi ya mikorosho inataka vibarua. Hapo ndipo anapotokea mtu wa kangomba, yaani mlanguzi wa korosho, na hela mkononi. Anakupa, tuseme, 1,000 kwa kilo kwa korosho ambazo hazijatoa hata ua. Mnada ukija ukafika 2,500, amekula 1,500 yako kwenye kila kilo, na wewe ndiye uliyemwagilia jasho. Na bado unamsalimia "bosi".

Tena msihesabu bei ya mnada kama bei ya mfukoni. Kabla haijafika kwako kuna ushuru wa halmashauri, kuna cha chama cha msingi, kuna cha chama kikuu. Na hela inaweza kuchelewa. Mnakumbuka msimu wa 2018: wanunuzi walitoa bei ndogo mnadani, wakulima tukagoma, Serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa 3,300 kwa kilo, wanajeshi wakabeba mzigo. Bei nzuri. Lakini malipo yalikuja kwa uhakiki, na wapo waliosubiri miezi. Waliokuwa na akiba ya chakula walisubiri. Waliokuwa wameshakopa juu ya hela ile walisubiri huku riba inatembea.

Kwa hiyo mjomba wenu simwambii mtu "usikope" halafu nikaondoka. Nasema uhamishe Machi. Mkulima wa huku anapokea mshahara mara moja na anakula mara kumi na mbili. Hela ya mnada ikiingia, shangazi yenu anaigawa mezani kwa bahasha: ya Februari, ya Machi, ya Aprili, ya salfa ya kupulizia mikorosho, ya vibarua. Ile ya Machi nampa yeye anaificha, na mimi sijui ilipo. Nimekubali hilo kwa sababu najijua.

Kisha tafuteni hela isiyokuja mwezi mmoja na korosho. Ufuta unaingia mnadani katikati ya mwaka, mbaazi zinafuata. Kinamama wanaobangua korosho chache nyumbani na kuzikaanga wana hela kila wiki, ndogo, lakini kila wiki. Na limeni muhogo. Mnacheka makopa, yaani muhogo uliokaushwa, kuwa ni chakula cha njaa. Nilipofilisika nilikula ugali wa makopa na dagaa miezi minne mfululizo, na watani zangu walinipokea kila asubuhi kwa wimbo, "Mjomba hakopi, anakula makopa!" Waliimba wakidhani wananikejeli. Mimi niliona ndiyo sifa ya kwanza niliyopewa tangu dalali aondoke. Magunia mawili ya makopa darini mwezi wa tatu yanamfukuza mtu wa kangomba kuliko mahubiri yoyote.

Vikoba vyenu nimevisikia, vinavunjwa Desemba. Nani aliwaambia Desemba? Huo ni utaratibu wa watu wa mshahara wa Krismasi. Desemba huku hela bado ipo, mnavunja kikoba mnanunua makochi. Vunjeni Machi. Wekeni hisa Oktoba mpaka Januari wakati mnada unaendelea, sanduku kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wasioelewana sana.

Mikopo ya simu sitaki kusema mengi, damu inapanda. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni. Kama uliyokopa ni mojawapo na wanawatumia ndugu zako ujumbe wa kukuaibisha, waambie ndugu zako wewe mwenyewe kwanza. Ukishasema, hawana silaha. Na kwa wakopeshaji wenye leseni wasiopokea amana, kikomo cha riba kilichowekwa ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa zile 3,000,000 zangu ingekuwa 105,000, siyo 600,000. Ulizeni leseni. Ulizeni pia "ada ya fomu" na "bima", maana riba iliyofukuzwa mlangoni hupenda kurudi kupitia dirishani ikiwa imevaa jina jingine.

Nyie wanawake, neno moja. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi, ndivyo Sheria ya Ardhi inavyosema. Shangazi yenu alisaini karatasi zangu akiwa anageuza samaki jikoni, kwa sababu nilimwambia "weka tu sahihi hapa, ni ya benki". Sahihi hiyo mumeo akiitaka, epua sufuria, kaa chini, msomewe wote wawili.

Unyago sisemi tuache. Mimi mwenyewe nimecheza, na binti zangu wametolewa kwa ngoma. Ila siku hizi sare ya kitenge peke yake inakula gunia zima la korosho, halafu baada ya wiki mbili mama wa mwali anakuja kwangu kuomba mkopo wa unga. Kukopa harusi, kulipa matanga. Wahenga hawakuwa na mnada wala simu na walishaliona.

Na matanga yenyewe mnayajua. Mwaka juzi tulimzika jirani yetu, mtu mwema, mcheshi. Kaburini wakatangaza kama kawaida: anayemdai marehemu ajitokeze kwa wanawe. Huwa kunakuwa kimya, watu wanasamehe. Siku ile mikono iliinuka. Mtoto wake mkubwa, ana miaka kumi na tisa, alisimama pale na udongo mikononi anaitikia, "Nimesikia baba. Nimesikia mama." Nilikwenda nyumbani nikafungua daftari langu, yalikuwa yamebaki madeni mawili. Nililipa la mwisho mwaka jana mwezi wa kumi na moja, kwa muuza saruji wa Mikindani. Alihesabu hela mara mbili, kisha akanipa soda.

Cherehani tumepata kingine, mtumba. Sindano ya zamani haikuingia, ni ya saizi nyingine. Shangazi yenu ameichomeka palepale kwenye pindo.

Sasa nawataka Jumamosi hii kwangu, baada ya adhuhuri, wote kumi na mmoja. Chakula kitakuwepo, na mnajua ni chakula gani. Kila mtu aje na daftari na karatasi zote anazodaiwa, zikiwemo zile ambazo mkeo au mumeo hajaziona. Waliochukuliwa pikipiki waje na mikataba. Miwani yangu imekatika mkono mmoja, kwa hiyo aje mmoja mwenye macho mazuri wa kunisomea zile herufi ndogo za nyuma.

Mjomba wenu,
Tandahimba