Barua ya wazi kwa mwakilishi wetu mpya wa wadi: mizani kwanza, ghala baadaye

Mheshimiwa,

Hongera kwa ushindi. Mimi sikukupigia kura, na huenda unajua, maana huku kwetu upande wa Molo siri ya debe haimalizi wiki. Lakini kampeni zimeisha, umeapa, na sasa ukisimama kwenye bunge la kaunti pale Nakuru unasimama kwa niaba yangu pia. Kwa hivyo ile karatasi ya ajenda uliyotugawia siku ya kuwashukuru wapiga kura, ambayo wengine wameshaifungia mandazi, mimi niliisoma mwanzo mpaka mwisho. Niruhusu nibishane nayo hadharani, kwa kuwa wewe nawe uliitangaza hadharani.

Umeahidi mambo matano: ghala la baridi la viazi, basari mara mbili ya ile ya zamani, taa za mulika mwizi kila senta, changarawe kwa kila barabara, na vibanda vya watu wa bodaboda. Hakuna hata moja lililo baya. Vibanda vya bodaboda sina neno navyo kabisa. Vijana wananyeshewa, wajengewe. Shida yangu ni kwamba mtu akiisoma ajenda hiyo bila kujua ni ya nani, atadhani tumemchagua kontrakta.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 9, inamkataza mwakilishi wa wadi kujihusisha, kwa mlango wa mbele au wa nyuma, na kazi za utendaji za serikali ya kaunti. Inamkataza pia kutoa huduma kana kwamba yeye ni mwajiriwa wa kaunti. Kazi yako imeandikwa kwenye Katiba, kifungu cha 185: kutunga sheria, kupitisha mipango, na kuikagua serikali ya gavana. Ghala si lako kulijenga, Mheshimiwa. Taa nayo si yako kuiwasha. Wewe tumekupa kalamu na kipaza sauti.

Jibu lako nalijua, kwa sababu walilitoa wote waliokutangulia: wananchi hawali maswali ya bungeni. Na kusema kweli sisi wenyewe tumewazoesha hivyo. Mheshimiwa tunampima kwa vitu vya kushikika, na kwa unene wa bahasha aliyokuja nayo matangani. Hata hivyo kuna jambo moja kwenye wadi hii ambalo linaweza kurekebishwa kwa kalamu na maswali bila tofali hata moja, na halimo kwenye karatasi yako. Lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo.

Wewe ni mtu wa hapa, hujasahau gunia linavyojazwa. Viazi vinafika mdomoni kwanza. Kisha broka anatoa wavu, unashonewa mdomoni mwa gunia kwa shazia na kamba ya nailoni, na debe zinaendelea kumwagwa. Kijana mmoja anatikisa gunia ili viazi vishuke, mwingine anasukumia kwa goti, na pengo linalobaki linajazwa tena. Likimalizwa kushonwa linataka wanaume watatu kulipandisha kwenye lori, na mwenye shamba amesimama kando anahesabu kwa vidole: moja. Bei nayo ni ya gunia moja.

Kanuni za viazi za mwaka 2019, zilizotolewa chini ya Sheria ya Mazao ya 2013, zinasema gunia la viazi lisizidi kilo 50. Tupige hesabu ya dukani. Tuseme broka ametangaza shilingi 3,000 kwa gunia. Likiwa la kilo 50, umeuza kilo kwa shilingi 60. Likiwa la kilo 120, na magunia ya namna hiyo unayaona kila msimu, umeuza kilo kwa shilingi 25. Bei aliyokutajia kwa simu haijabadilika hata shilingi, lakini zaidi ya nusu ya jasho lako limepanda lori bure.

Sasa turudi kwenye ghala lako. Viazi tunavyolima huku kwa wingi ni Shangi. Tunaipenda kwa sababu inakomaa mapema, inaiva upesi jikoni, na kila mnunuzi anaijua. Ila Shangi haina subira. Ukiichimba ukaiweka kwenye ghala la kawaida, baada ya wiki chache tu imeanza kuchipua. Ukiiweka kwenye baridi iliyozidi, wanga wake unageuka sukari, na mwenye kibanda cha chipsi hataitaka kwa sababu inakuwa nyeusi kwenye mafuta. Ndiyo kusema ghala hilo linataka baridi ya kupimwa, stima isiyokatika au jenereta ya kusaidia, fundi anayejua kazi, na mtu wa kulipa bili hata miezi ambayo ndani hamna kitu. Karatasi yako inasema litajengwa. Haisemi nani atalipa stima. Na hata likijengwa likafanya kazi vizuri ajabu, siku ya kutoa viazi broka atakuwa mlangoni na wavu wake. Tutakuwa tumelipia miezi miwili ya baridi ili tukapunjwe kwa gunia lile lile.

Ndiyo maana nasema mizani kwanza. Kilimo, masoko na biashara ya haki ni kazi za kaunti kwa Jedwali la Nne la Katiba, kwa hivyo hakuna atakayekwambia uende ukaulize Nairobi. Dai bungeni mizani iliyokaguliwa iwekwe kila mahali malori yanapopakia. Halafu uguse ushuru, na hapa ndipo penye utamu. Pale ushuru wa mazao unapotozwa kwa gunia, gunia la kilo 120 likifika kizuizini linalipa sawasawa na la kilo 50. Kaunti inapunjwa pamoja na mkulima, na bado inakata risiti! Viwango hivyo havikushuka kutoka mbinguni. Vinaandikwa kwenye Sheria ya Fedha ya kaunti, ambayo hupitishwa na ninyi wenyewe mnaokaa kwenye viti vile. Leta marekebisho yanayosema ushuru wa viazi utozwe kwa kilo, na gunia lililozidi 50 lisiruhusiwe kupita. Nakuru ina wadi 55. Huwezi kunishawishi kwamba wawakilishi wa Molo, Njoro na Kuresoi wakikaa pamoja hawataunga mkono.

Jirani yangu, ambaye kwa ukulima amenishinda mbali, haamini haya. Anasema tukikaza huku, broka atahamia Narok au Nyandarua, sisi tubaki na viazi vinaoza. Hoja yake ina uzito na sitaki uipuuze. Amewahi kukataa lumbesa, lori likaondoka likaenda kupakia shamba la pili, na karo ya watoto ilikuwa inangoja. Mkulima mmoja mmoja hawezi vita hii, na yeyote anayesema wakulima waache tu kukubali lumbesa hajawahi kuwa na viazi ardhini mvua ikinyesha.

Kwa sababu hiyo sheria isimfuate mkulima shambani. Isubiri lori barabarani. Malori ya Nairobi yakitoka huku mengi yanapitia Elburgon na Njoro, au yanatokea Mau Summit; hayana vichochoro. Kuhusu jirani zetu, kilo 50 ni kipimo cha nchi nzima, wala si cha Nakuru peke yake. Nakuru, Nyandarua na Meru ni miongoni mwa kaunti zinazokuza viazi vingi zaidi humu nchini. Zikikaza siku moja, broka ataenda wapi, na walaji wa chipsi wa Nairobi wale nini? Mazungumzo hayo ni ya magavana, sawa, lakini gavana hukumbushwa na bunge, na bunge hukumbushwa na mtu mmoja anayesimama kila wiki kuuliza swali lile lile mpaka wachoke naye. Ningefurahi sana ukiwa mtu huyo. Ningekupigia kura safari ijayo, na nimeandika hapa watu wote wasome.

Kuhusu basari, nitasema jambo ambalo halitanipatia marafiki. Shule za msingi na za upili ziko chini ya serikali ya kitaifa. Mwaka 2025 Msimamizi wa Bajeti aliziandikia kaunti waraka kwamba zisiendelee kutoa basari za ngazi hizo bila makubaliano rasmi kati yao na serikali kuu, magavana wakakimbilia mahakamani. Wakati watu wakivutana, wazazi walikaa wakisubiri. Sasa wewe umeahidi mara mbili ya pesa zenye mvutano wa namna hiyo. Sisemi mtoto akose karo. Nasema usimwahidi mama mjane kitu ambacho karani mmoja anaweza kukizuia kwa barua ya kurasa mbili.

Na kuna elimu ambayo ni ya kaunti kabisa, haina mjadala: chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Juu ya hizo karatasi yako imenyamaza. Mtoto wa miaka minne anayetembea kwenye tope la Molo mwezi wa Julai, baridi ikiuma, anahitaji darasa lenye mlango unaofunga na mwalimu aliyelipwa mshahara wake kwa wakati. Kijana aliyekwama baada ya kidato cha nne anahitaji chuo chenye mashine za kuchomelea zinazowaka. Ukiniuliza mimi, nusu ya kelele unayotaka kupiga kuhusu basari ihamishie huko, ambako hakuna wa kukuzuia.

Barabara: changarawe bila mitaro ni pesa ya kumwaga mtoni. Huku mvua haingoji msimu wa masika peke yake. Greda ikipita, wiki mbili tu barabara inapendeza, halafu maji yanachimba katikati kwa sababu kalvati zimeziba au hazikuwekwa tangu mwanzo. Lori likishindwa kuingia tunabebesha punda hadi kwenye lami, na mwenye punda naye ni mtu wa familia, lazima alipwe. Usiseme kila barabara. Chagua chache zinazobeba mazao, uliza bungeni kwa nini mkataba wake haukuwa na mitaro, na umuulize mhandisi mbele ya watu. Taa za mulika mwizi nazo swali ni lile la ghala: bili.

Kitu cha mwisho ni kalenda, maana ajenda isiyoingia kwenye kalenda ya bajeti hubaki kuwa karatasi ya mandazi. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bungeni kufikia Septemba 1, na uchaguzi wetu hufanyika Agosti. Ona jinsi ulivyo na siku chache. Taarifa ya mikakati ya fedha ni kufikia Februari 28, makadirio ya bajeti Aprili 30, na mwaka wa fedha unafungwa Juni 30. Kwenye kila hatua sheria inataka wananchi washirikishwe. Tunajua inavyokuwa: tangazo kwenye gazeti ambalo huku halifiki, mkutano saa nne asubuhi kwenye ukumbi wa mbali, watu arobaini wale wale, soda, sahihi kwenye orodha, kwisha. Kisha tunaambiwa umma ulishirikishwa.

Wewe anza tofauti. Kikao chako cha kwanza kisiwe siku ya soko wala asubuhi watu wakiwa shambani. Saa tisa alasiri inatufaa. Tangazo libandikwe kwenye maduka ya mbolea na dawa za mimea, na wachungaji walisome kanisani. Tuletee makadirio ya wadi yetu kwa Kiswahili, kurasa tatu zinatosha, kila mtu apate nakala yake. Useme wazi ni yapi kati ya yale matano unayo mamlaka nayo, na ni yapi utayaomba kwa gavana kama sisi wengine tunavyoomba. Mimi nitaazima mizani ya jirani nije nayo. Wewe ukiwa njiani kutoka mjini simamisha lori lolote la viazi utakalokutana nalo, mwombe dereva kwa upole, na uje na gunia moja tulipime mbele ya kila mtu.

Wako kwa heshima,

Mkulima wa viazi na mpiga kura wa wadi yako