Barua ya wazi kwa Mbunge wangu wa Marekani: nitozeni kodi ninakoishi

Mheshimiwa Mbunge,

Nakuandikia kutoka Kisauni, Mombasa. Kwa sheria ya Marekani, raia anayeishi ng'ambo hupiga kura kwa anwani yake ya mwisho, na yangu ilikuwa Texas, katika eneo lako. Kwa hiyo wewe ndiwe mbunge wangu. Barua pepe mbili nilizokutumia mwaka huu hazikujibiwa, ndiyo sababu hii naiandika hadharani.

Jumanne iliyopita nilivuliwa uweka hazina wa chama chetu. Tuko akina mama 14, tunaweka akiba tununue kiwanja. Tulikwenda benki kubadilisha watia saini, na kwenye fomu palikuwa na swali: je, wewe ni raia wa Marekani? Nikatia alama ya ndiyo. Karani akaziweka kando karatasi zetu, akaingia ofisi ya ndani, akatoka na fomu nyingine ya kuuliza namba yangu ya kodi. Tulikaa kwenye benchi tangu saa nne hadi saa nane. Hapo ikabidi niwaeleze wenzangu yaliyobaki: kwa kuwa natia saini, na akaunti imepita dola 10,000, kila mwaka lazima niipelekee Hazina ya Marekani jina la chama, namba ya akaunti na kiasi cha juu kabisa kilichokuwemo mwaka huo. Pesa si zangu, lakini nisiporipoti faini ni yangu, na inaweza kupita dola 10,000 hata kama nilisahau tu.

Mwenyekiti akanishika mkono. "Dada, hatukuvunjii heshima. Lakini pesa zetu na Marekani, wapi na wapi?"

Sikuwa na jibu, Mheshimiwa. Unalo wewe?

Mimi ni fundi cherehani. Nashona madera na sare za shule. Mwaka jana faida yangu ilikuwa kama shilingi 720,000. KRA, watoza kodi wa Kenya, nimewalipa asilimia 3 ya mauzo, na SHA, bima ya afya ya hapa, nimelipa. Kodi ya mapato ya Marekani sidaiwi, kipato chenyewe ni kidogo. Lakini aliyejiajiri, akipata faida ya dola 400 tu, anadaiwa asilimia 15.3 ya faida kwa ajili ya Social Security, yaani pensheni ya Marekani, na Medicare, bima ya afya ya wazee wa huko, na msamaha wa kodi ya mapato wanaopewa Wamarekani wa ng'ambo hauigusi. Mmarekani aliyeko Ujerumani au Uingereza ana mkataba wa kumwezesha kuchangia upande mmoja. Kenya haina mkataba huo. Kwangu zilitoka karibu dola 790, zaidi ya shilingi laki moja, na mhasibu wa kujaza fomu akataka dola 600 nyingine. Hiyo Medicare, nikilazwa hapa Mombasa, hainilipii hata kidonge.

Sikatai kodi. Miaka 19 nilitunza wazee Texas, zamu za usiku, na sikuwahi kukosa kulipa. Ninachouliza ni kwa nini kodi inifuate hadi Kisauni, wakati Mfaransa au Mkanada akihama kwao na kuishi kwingine hafuatwi hivi. Nchi nyingine ninayoijua inayofuata raia wake namna hii ni Eritrea.

Na ahadi tulipewa. Oktoba 2024 mgombea urais Donald Trump alisema anaunga mkono kukomesha kutozwa kodi mara mbili kwa Wamarekani wa ng'ambo. Desemba mwaka huohuo mswada wa kodi kwa makazi, yaani mtu atozwe kodi na nchi anakoishi, uliwasilishwa katika Baraza la Wawakilishi. Bunge lile likamalizika Januari, mswada ukafa nalo. Ikaja sheria kubwa ya kodi ya tarehe 4 Julai 2025, na ndani yake ahadi hiyo haikuwemo. Kilichokuwemo ni kodi ya asilimia 1 kwa anayetuma pesa taslimu nje. Nadhani mnatusahau kwa sababu tumetawanyika, kura mbili hapa, tatu kule, na hakuna mbunge anayeshindwa uchaguzi kwa sababu yetu. Lakini mimi nilikupigia wewe, na bahasha ya kura niliituma kwa gharama yangu.

Jumapili chama kinakutana. Nitakabidhi daftari na mhuri, kisha nikae nyuma na wanachama wengine. Nakuomba jambo moja, na nitaliomba tena mwezi ujao na mwezi unaofuata: mswada wa kodi kwa makazi uletwe, upigiwe kura, na jina lako liwemo kati ya waliouunga mkono.

Mpiga kura wako,
Kisauni, Mombasa