Ua uliovamiwa na magugu hauhitaji zege

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wasomaji wenzangu jambo linalonisikitisha kila nipitapo mitaa ya Tabata ninakoishi, nalo ni tabia ya kuuzika ua mzima chini ya zege au pevingi kwa sababu tu magugu yamemshinda mwenye nyumba. Ua wa mama yangu uliponea kwenye tundu la sindano.

Baada ya baba kufariki, ua huo ulikaa miaka mitatu bila kuguswa, hata nyasi zikafika kiunoni, mibono ikaota ukutani, na upande wa chini maji yakawa yanatuama siku tatu baada ya kila mvua. Tulipoanza kufyeka tulikuta humo vifuu vya nazi na makopo yaliyojaa maji yenye viluwiluwi vya mbu, jambo lililotutia hofu sisi tunaokumbuka homa ya dengue ilivyolitesa jiji hili mwaka 2014 na tena 2019. Fundi alishauri tumwage zege na kumaliza kazi. Lakini Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, sehemu kubwa ikinyesha kati ya Machi na Mei, na maji yasiyozama katika ua wangu hayana pa kwenda ila kwa jirani aliye bondeni. Tukaamua kuugeuza ua kuwa bustani ya matuta yaliyoinuliwa.

Kosa letu la kwanza lilikuwa haraka. Tulifyeka, tukatandika maboksi na nailoni juu ya visiki vya nyasi, kisha tukajaza udongo tukiamini kwamba tumeyafukia magugu. Hazikupita wiki mbili, ndago zikawa zimetoboa nailoni kama sindano na kuchomoza katikati ya mchicha. Anayezijua ndago anajua kwamba nguvu yake haiko kwenye majani, bali kwenye vifundo vyeusi vilivyofungamana ardhini kwa uzi mgumu kama shanga. Ukiuvuta uzi hukatika, kifundo kikabaki chini, na baada ya siku chache kinaota upya. Ilitubidi kuondoa udongo wote, kuchimba kina cha sentimita 30, kuchekecha kwa mkono, na kurudia mara tatu kila zilipochipua. Vifundo tulivianika juu ya bati mpaka vikakauka kabisa, maana kuvitupa kwenye shimo la mboji ni kuzipandikiza ndago upya. Kazi hiyo ilituchukua wiki saba, nami nasema bila kusita kwamba ndiyo iliyookoa bustani.

Kuhusu kingo za matuta, wengi hununua mabanzi kwa kuwa ni rahisi, kisha huyapaka oili chafu ili mchwa wasiyale. Nawasihi wasomaji waache jambo hilo kwa matuta ya mboga, kwa kuwa oili iliyotoka kwenye injini hubeba sumu ambazo hazifai kukaa karibu na mizizi ya chakula. Sisi tulipanga kozi mbili za matofali ya saruji ya inchi 6, tukaacha matundu chini ili maji yatoke, na sakafu ya tuta tukaiacha wazi ikutane na ardhi. Kila tuta lina upana wa mita 1 kwa ndani na urefu wa mita 3, kwa hiyo mkono hufika katikati bila mtu kukanyaga udongo, na njia za katikati zinapitisha toroli. Kimo cha kozi mbili ni karibu sentimita 45, kimo cha kigoda, na mama mwenye maumivu ya mgongo huketi ukingoni akachuma matembele yake bila kuinama.

Matuta manne ya namna hiyo hudai zaidi ya mita 5 za ujazo, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakisikia bei ya lori la udongo. Sisi tulijaza nusu ya chini kwa vigogo vya migomba, majani makavu na nyasi zisizo na mbegu, kisha juu tukaweka udongo wetu wenyewe uliochanganywa na samadi iliyokwisha kuoza. Wamatengo wa Mbinga wamefanya jambo la asili hiyo hiyo tangu enzi katika kilimo chao cha ngoro, wakipanga nyasi zilizofyekwa na kuzifukia chini ya matuta ili zirutubishe udongo. Tuta hushuka kadiri nyasi zinavyooza, hivyo huongezwa udongo kila msimu.

Sidai kwamba njia hii inafaa kila mahali. Tuta lililoinuka hukauka upesi, na mkazi wa Dodoma afadhali apande kwenye vitalu vilivyozama vinavyokusanya maji. Hata kwetu, mwezi Januari bila matandazo mchicha hunyauka ifikapo saa tano asubuhi.

Ombi langu ni kwa maofisa ugani wa kata za mijini: wafike mitaani mwezi wa Agosti, si Oktoba vuli inapokuwa imekwisha kuanza, kwa sababu kung'oa ndago na kujenga matuta ni kazi ya kiangazi, na ndicho kipindi ambacho mafundi wa zege nao hugonga milango yetu.

Mkazi wa Tabata,
Dar es Salaam