Nimeitwa "kafiri" na "mtu wa mataifa" kabla sijatimiza miaka kumi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji aliyeandika kwamba maneno kama "kafiri" na "watu wa mataifa", ya kuwataja watu wa imani nyingine, yamo katika vitabu vitakatifu, hivyo hakuna sababu ya kuona haya kuyatamka. Yamo, kweli. Na mimi nimeitwa yote mawili nikiwa bado mtoto.

Baba yangu alikuwa Mwislamu, mama Mkristo. Upande wa baba, binamu yangu wa rika langu aliniambia tukiwa katikati ya mchezo, bila hasira yoyote, kwamba mama yangu ni kafiri na ataingia motoni. Alilisikia kwa wakubwa, akalisema kama mtoto anavyosema kesho ni Jumatatu. Upande wa mama, mjomba aliniwekea mkono kichwani akaomba kwa sauti nitolewe kwa watu wa mataifa, nitoke gizani. Baba alikuwa ameketi palepale. Maombi yalipokwisha akaitikia "Amina", kisha akaniuliza kama nimemaliza kazi ya shule. Amina ile naikumbuka kuliko maombi yenyewe.

Nimefundisha Kiswahili kwa miaka 31, na maneno haya nimeyafuatilia kama mtu anavyomfuatilia mdeni wake. "Kafiri" limetoka katika shina la Kiarabu lenye maana ya kufunika. Ndiyo maana katika Sura ya Al-Hadid, aya ya 20, wafasiri wengi wamelielewa neno "kuffar" kuwa ni wakulima, watu wanaofukia mbegu ardhini. "Kufuru" yetu imetoka humo, na "kafara" pia, ile inayofunika dhambi. "Mataifa" nalo linafuata Kiebrania: goy, yaani taifa. Katika Kutoka 19:6 ni Waisraeli wenyewe wanaoitwa hivyo, "taifa takatifu". "Mpagani" asili yake ni Kilatini, paganus, mtu wa shamba. Hakuna hata moja kati ya haya lililozaliwa likiwa tusi. Sisi ndio tuliolifanya tusi, kwa sauti tunayolitamkia na kwa uso tunaolielekezea.

Tazama lilikofika hilo la kwanza, "kafiri". Lilichukuliwa na Wareno na Wazungu wengine waliopita pwani zetu, likashuka hadi Afrika Kusini, na huko halikuuliza tena mtu anaabudu nini. Likawa tusi la kumtukania kila mtu mweusi, hata aliyekuwa akitoka kanisani. Leo kumwita mtu hivyo huko kunaweza kukufikisha mahakamani.

Ndugu msomaji anahofu kwamba tukiacha kuyatamka maneno haya, imani itapungua. Sioni hivyo. Mwaka 1959 Papa Yohane XXIII aliliondoa katika sala ya Ijumaa Kuu neno la Kilatini lililowataja Wayahudi kama watu wasio waaminifu, na Ijumaa Kuu ipo hadi leo. Mwaka 2019, wanazuoni wa Nahdlatul Ulama, jumuiya kubwa mno ya Waislamu wa Indonesia, walishauri wananchi wenzao wasio Waislamu wasiitwe makafiri, waitwe wananchi. Hawakugusa hata herufi moja ya Kurani. Walitofautisha kati ya neno la darasani, ambako mwanafunzi anapaswa kulielewa kwa kina, na neno la kumwambia jirani.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo, na ni kwa pande zote mbili: kipaza sauti kinachosomba neno la darasani na kulimwaga mlangoni kwa mtu. Na siridhiki sana hata na lugha ya adabu. "Asiye Mwislamu." "Ambaye hajaokoka." Ni afadhali, nakubali, nami mwenyewe nimeitumia hapo juu, lakini bado inamtaja mtu kwa kile alichokosa machoni petu. Mama yangu hakuwa "asiye". Alikuwa na sala zake za asubuhi, na siku za Mungu wake alizozishika hata akiwa mgonjwa.

Alipofariki, binamu yangu yule alikuja mazikoni, mvi kichwa kizima. Aliombwa aseme machache kwa niaba ya ukoo wa baba. Kabla ya kusimama alininong'oneza: "Dada, nimtajeje mama mkubwa? Sitaki kukosea." Nikamwambia aseme Mkristo, kwani ndivyo alivyojiita siku zote. Akasimama, akasema: "Tumempoteza mama yetu, Mkristo aliyetulea." Kisha akaketi kando yangu.

Mwalimu mstaafu