Nauli yako iko kwenye gurudumu la nyuma

Tabora, Jumatano mchana

Hamisi baba,

Shuleni tulikuwa tukianza barua zote kwa "hofu na mashaka ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu". Safari hii najua hofu zote ziko upande wako, kwa hiyo nianze na hili: mama yako mzima. Kimya changu ni cha simu tu. Ililowa juzi tukitokea Nyahua, na sasa imelazwa ndani ya kilo moja ya mchele. Mwenye gesti ameshaniuliza mara mbili kama mchele huo utapikwa. Hizi kurasa Mama Neema atazipiga picha akurushie kwa simu yake.

Leo hatuendi popote. Mvua ilianza kabla ya adhana ya alfajiri, na bati la hapa halina dari, kwa hiyo kila neno tunalisema kwa kupayuka. Mwalimu wetu wa msafara huu wa baiskeli alitoka barazani na kikombe chake, akatazama mbingu upande wa Urambo, akasema maneno mawili: "Fueni soksi." Vijana wakanuna. Wale wana miguu inayowasha, siku moja ya kukaa wanaiona kama kifungo. Mwalimu akawauliza kama wanajua Livingstone alikaa muda gani hapo Kwihara, nje kidogo ya mji huu, akingoja wapagazi ambao Stanley alikuwa amtafutie huko pwani. Machi hadi Agosti 1872. Miezi mitano na ushee, baba, na si kwa sababu ya pancha. Mmoja akanong'ona kwamba huyo mzee alifika mbele akafa. Tukacheka mpaka chai ikamwagika.

Basi ndiyo tukashika kazi. Viatu vimejazwa magazeti vimepangwa ukutani kama wagonjwa wa kliniki. Tumekata kidumu, tukatia mafuta ya taa, kila mtu anavua mnyororo wake anausugua kwa mswaki mbovu. Usione mchanga unaotoka humo! Ule mlio wa kre-kre niliokuwa nikiusikia tangu Itigi, nikidhani ni magoti yangu, kumbe ni mnyororo. (Magoti nayo yana lake, lakini hayalii.) Mwenye gesti katuletea michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, iliyopikwa na karanga, na jioni ametuahidi ugali kwa uyoga wa porini. Miembe ya mji huu unaijua kwa kuisikia tu; Desemba hii maembe yanaanguka barabarani mpaka watu wanayaruka.

Sasa yale ambayo sikukwambia.

Kwanza, nilianguka. Ni juzi hiyohiyo. Lori lilitupita likatumwagia maji, nikatoka nje ya lami, gurudumu la mbele likazama kwenye tope jekundu, nikatua kwa kiwiko. Ngozi imechunika, mfupa mzima. Simu ndipo ilipokunywa maji.

Pili, ile elfu hamsini uliyonitumia, ukasema nikifika Tabora nipande treni nimalizie safari kama mama mtu mzima wa miaka 54. Sikukasirika. Nilikasirika kidogo. Lakini leo asubuhi mvua ilipopungua ikawa rasharasha, nilijifunga khanga kichwani nikaenda stesheni kweli, bila kumuaga mtu. Kiwiko kilikuwa kinapwita usiku kucha, nikasema mwanangu huenda ana haki.

Nikafika dirishani, dada wa pale akaniuliza, "Kigoma, mama?" Nikabaki mdomo wazi. Hapo stesheni ndipo treni inapogawanywa, mabehewa mengine Mwanza, mengine Kigoma. Enzi zetu nilishuka hapo kila muhula nikiwa na sanduku la bati, mwanafunzi wa bweni, natoka kwa bibi yako Ujiji. Nimepita njia hiyo miaka minne, Hamisi, kwenda na kurudi, na sijapata kuiona. Treni ilikuwa inakesha. Uvinza niliijua kwa sauti za wauza chumvi. Nguruka niliijua kwa harufu ya samaki wa kukaanga wakipitishwa dirishani, na taa za koroboi zikikimbia chini. Mto Malagarasi niliujua kwa namna magurudumu yalivyobadilisha mlio juu ya daraja. Nikiamka nasikia mlio huo, basi najua nyumbani karibu, nalala tena. Maji yenyewe sijawahi kuyatia machoni.

Nikamwambia yule dada samahani, nitarudi siku nyingine. Akaniangalia vile watu wanavyomwangalia mtu aliyevaa khanga kichwani na suruali ya baiskeli chini.

Kutoka stesheni nikapita kwa fundi kwenye baraza ya duka. Alizamisha tyubu yangu kwenye beseni, vipovu vikapanda sehemu tatu. Hakutia kiraka. Alipitisha kidole juu ya tairi ya nyuma, akanionyesha nyuzi zilivyochungulia, akasema, "Mama, hii ukiijaza upepo Urambo hufiki." Kwa hiyo tairi mpya, tyubu mpya, na breki za nyuma. Hapo ndipo nauli yako ilipokwenda. Iliyobaki nimemnunulia bibi yako chupa ya asali, ile nyeusi ya miombo anayoipenda, nimeifunga kwenye karia kwa mpira wa tyubu kuukuu.

Tumeambiwa mbele ya Kaliua kuna vipande ambavyo lami haijakamilika, ndiyo maana Mwalimu anataka udongo upate jua hata la nusu siku. Zimebaki kilomita zaidi ya 400. Malagarasi nataka niuvuke mchana, na nikifika katikati ya daraja nitasimama, hata vijana wakipiga kelele.

Bati limenyamaza sasa hivi. Mama Neema kapita na soksi zake mkononi anatafuta kamba. Simu ikifufuka nitakupigia kutoka Urambo. Nauli nyingine usitume. Ukiwa na chochote, tuma hela ya tyubu ya akiba. Na mwambie mkeo kiwiko ni kidogo tu, asimpigie bibi yenu.

Mama yako